Goma: Ndoa zinapigwa kwa picha safi, familia zinapewa DVD yenye ukungu

GOMA – Sherehe imekwisha, wageni wamerudi kwao, na wiki kadhaa baadaye kameramani analeta boksi ya plastiki yenye picha ya maharusi kwenye jalada. Ndani yake kuna DVD mbili, wakati mwingine tatu. Familia inakusanyika sebuleni, mtoto anawasha televisheni kubwa ya ukutani, diski inaingia ndani ya mashine, na picha inatokea. Lakini si ile picha waliyoiona siku ya sherehe kwenye kioo kidogo cha kamera. Sura za wazee waliokaa safu za nyuma zimekuwa kama zimepakwa sabuni. Maandishi ya kwenye keki hayasomeki. Mama mkwe anauliza kama kamera ilikuwa mbovu.

Kamera haikuwa mbovu. Wapiga video wengi wa Goma, kuanzia Himbi hadi Majengo, siku hizi wanatumia kamera zinazochukua picha za ubora wa juu, zile zenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Hata simu ya kawaida inayouzwa Birere inafikia hapo. Tatizo liko njiani, kati ya kompyuta ya studio na diski ile. Na si tatizo la macho tu. Mara nyingi, DVD hiyo yenye ukungu inabaki kuwa nakala pekee ya siku hiyo, kwa sababu picha asili, zile safi, zilifutwa ili kadi ya kamera itumike Jumamosi inayofuata.

Hesabu yake ni rahisi. Muundo wa DVD ya video ulikubaliwa katikati ya miaka ya 1990, wakati televisheni za nyumbani zilikuwa zile nene zenye mgongo. Kwa mfumo wa PAL, ambao vifaa vingi vya kwetu vinautumia, picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Ukizidisha unapata nukta zipatazo laki nne na elfu kumi na nne. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Maana yake, kameramani anapochoma DVD ya video, au kama tunavyosema hapa, anapo‑grave, kompyuta inatupa nukta nne katika kila tano. Hakuna mashine wala televisheni itakayozirudisha. Televisheni kubwa inachofanya ni kuivuta picha ndogo ili ijaze kioo, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo ukungu unavyoonekana.

Kuna jambo jingine linaloongeza ukungu, nalo ni tamaa ya kujaza. Diski ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Kwa ubora mzuri, inabeba karibu saa mbili za video. Lakini ndoa ya Goma haina saa mbili. Kuna dote, kuna komini, kuna kanisa, kuna msafara wa magari wenye honi kutoka Katindo hadi kando ya ziwa, kuna sali, kuna zawadi, na kila shangazi anataka ngoma yake ionekane yote. Kameramani anayetaka kuokoa bei ya diski anabana saa tatu au nne ndani ya diski moja. Programu inakubali, haikatai, ila inapunguza ubora hadi watu wanaocheza wanaonekana kama vipande vya miraba vinavyorukaruka. Ukiona miraba hiyo hasa pale watu wanaposogea haraka, ujue diski imebanwa kupita kiasi.

Wapiga video nao wana upande wao, na ni haki kuusikiliza. Kazi yao inategemea umeme. Kompyuta inapounganisha vipande na kutoa filamu kamili, inaweza kufanya kazi usiku mzima, na katika mji huu usiku mzima wenye umeme si jambo la kuahidiwa. Kuna SNEL, kuna Virunga Energies inayoleta umeme wa maji kutoka Matebe upande wa Rutshuru, kuna Nuru na mitambo yake ya jua. Hata hivyo, mita zinaisha, laini zinakatika, na vita vinapokaribia nyaya, mtaa mzima unazimika. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma diski kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, diski hiyo imekufa, haichomwi mara ya pili. Ndiyo sababu wenye uzoefu wanachomea kwenye kompyuta ya kubeba, betri ikiwa imejaa, hata kama kazi yote ya kukata na kuunganisha wameifanyia kwenye mashine kubwa.

Halafu kuna wateja wenyewe. Mteja wa Goma bado anataka kitu cha kushika mkononi. Wazee wengi bado wanaiita kaseti, ingawa kaseti zenyewe zilikwisha zamani. Faili haionekani, haina jalada, haiwekwi kwenye kabati karibu na picha za familia. Ukimpa mzee flashi ndogo, ile ambayo kila mtu hapa anaiita clé, anaona kama amepunjwa. Kwa hiyo DVD inabaki, na hakuna ubaya ikibaki. Ubaya ni ikibaki peke yake.

Tunafikia sasa sehemu inayouma. Video hizi si za sherehe tu. Kwa nyumba nyingi za mji huu, video ya ndoa au ya dote ndiyo mahali pekee ambapo sauti ya mtu aliyekufa inasikika bado. Katika familia yetu, babu anaonekana kwa dakika chini ya nne kwenye dote ya dada yangu, akijadiliana juu ya mbuzi na kucheka. Picha zake zipo nyingi. Sauti yake ni hiyo moja. Ukiuliza kwa majirani utasikia habari kama hiyo karibu kila uani.

Na mji huu unajua kupoteza. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu kubwa ya mtaa wa biashara pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kilichokuwa ndani ya nyumba hizo, albamu na kaseti vikiwemo, kiko chini ya mawe ambayo baadaye watu walijengea juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza maelfu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kadhaa ihamishwe, na watu wapatao laki nne wakaondoka, wengi kwa miguu kuelekea Sake, wengine Rwanda. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria. Hakuna anayebeba boksi la DVD.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na AFC/M23 kuuchukua mji, maduka na maghala yaliporwa, na umeme na maji vikakatika kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo studio ndogo ya video ni duka kama duka lingine: ina kompyuta, ina kamera, ina vitu vinavyouzika. Anayeiba kompyuta haangalii kilichomo. Diski ngumu, ama disque dur, yenye ndoa za miaka kumi za mtaa mzima, kwake ni kifaa cha kufuta na kuuza upya.

Turudi kwenye diski yenyewe, maana wengi wanaamini kwamba DVD ikiwekwa vizuri inaishi milele. Haiishi. DVD ya filamu ya kiwandani imegongwa kwa muhuri, mashimo yake ni ya kudumu. Ile inayochomwa studio ni kitu kingine: ndani yake kuna tabaka la rangi, na mwanga wa leza unaiunguza rangi hiyo kwa alama. Rangi inapigwa na jua, inapigwa na joto, inapigwa na unyevu, na mwishowe inafifia. Diski rahisi zinazouzwa kwa mafungu, zile zisizo na jina la kueleweka, zinaweza kuanza kukataa baada ya miaka michache tu. Zilizo bora, zikikaa gizani na kwenye ubaridi, zinadumu kwa muda mrefu zaidi. Kwa bahati nzuri hewa ya Goma si ya joto kali. Kwa bahati mbaya tuna vumbi jeusi la mawe ya volkano, ambalo linaingia kila fasi na linakwaruza kama msasa. Anayepangusa diski kwa kitambaa kikavu, kwa kuzungusha, anaichora mwenyewe. Dawa ni maji kidogo na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka.

Kuna kosa jingine la studio ambalo mteja anaweza kuliepuka kwa kuuliza swali moja: diski imechomwa kwa kasi gani? Anayetaka kumaliza haraka anachoma kwa kasi ya juu kabisa, mara 16. Diski inatoka, inacheza vizuri kwenye kompyuta ya studio, halafu inakwama kwenye mashine ya zamani ya nyumbani. Kasi ya mara 4 au mara 8 inachukua dakika kadhaa zaidi na inapunguza makosa. Pia diski lazima ifungwe mwishoni, hatua ambayo programu nyingi zinaifanya zenyewe lakini nyingine zinaiuliza. Isipofungwa, inaweza kucheza kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na mashine nyingine. Na zile karatasi za kubandika juu ya diski, zenye picha ya maharusi katika umbo la moyo, zinapendeza lakini si rafiki: zikibandikwa upande kidogo, diski inazunguka bila usawa, na gundi yake baada ya miaka inavuta tabaka la juu. Kalamu ya wino inayoandika kwenye diski inatosha.

Je, hakuna diski inayobeba ubora wa juu wote? Ipo, inaitwa Blu-ray, inabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mawili. Ilishindana na HD DVD ya Toshiba hadi Februari 2008, Toshiba ilipokubali kushindwa. Lakini kwetu haikuota mizizi. Mashine yake ni ghali, diski zake hazipatikani kirahisi, na sasa hata wenyewe wanaiacha: mwanzoni mwa mwaka 2025 Sony ilitangaza kwamba inasimamisha utengenezaji wa diski zake za Blu-ray za kuchomea. Kumshauri mtu wa Ndosho anunue Blu-ray leo ni kumpotezea dola zake.

Njia iliyo wazi zaidi ni nyingine, na vifaa vyake tayari viko nyumbani. Kwanza kuna jambo ambalo wateja wengi, na hata wachomaji wengine wa kwenye papeteri, hawalitofautishi: DVD ya video na DVD ya data ni vitu viwili. DVD ya video ina folda inayoitwa VIDEO_TS na faili zinazoishia VOB. Ndiyo inayopunguza picha hadi 720 kwa 576. DVD ya data ni kama mfuko: unaweka ndani faili ya MP4 kama ilivyo, na ubora haupungui hata kidogo. Diski ni ileile, bei ni ileile. Filamu ya saa moja katika ubora wa 1080, ikitolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde, ina uzito wa gigabaiti 3.6 hivi. Inaingia ndani ya DVD moja ya kawaida na nafasi inabaki.

Kinachosumbua ni kuichezesha. Mashine nyingi za DVD zilizoko sebuleni, hata zile zenye tundu la USB mbele, zilitengenezwa zijue DVD ya video, MP3, na video za aina ya zamani kama DivX. Ukiziwekea MP4 ya kisasa iliyobanwa kwa H.264, zinaandika kwamba faili haitambuliwi, au zinatoa sauti bila picha. Watu wanaporudi studio wakilalamika kwamba diski ni mbovu, mara nyingi diski ni nzima, mashine ndiyo haijui lugha hiyo. Televisheni bapa ya miaka ya karibuni inaijua. Kwa hiyo, kabla ya kugombana, chukua flashi, weka faili hiyo, ichomeke moja kwa moja nyuma ya televisheni, siyo kwenye mashine ya DVD.

Hapo wengi wanakutana na ukuta wa pili. Wanajaribu kunakili filamu ya saa mbili, yenye gigabaiti 7, kwenye flashi ya gigabaiti 16 au 32, na kompyuta inasema faili ni kubwa mno, wakati nafasi inaonekana ipo tele. Flashi haijaharibika na wala si ya bandia, ingawa za bandia nazo zipo sokoni. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kuna njia mbili. Unaweza kuipanga upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo na kwamba televisheni za zamani kidogo hazisomi exFAT. Au unamwomba kameramani aigawe filamu: dote faili moja, kanisa faili moja, sali faili moja. Njia ya pili ni nzuri zaidi kwa sababu nyingine pia. Mtu anayetaka kumwona shangazi akicheza haitaji kupitia saa nzima ya misa.

Kwenye kompyuta, jibu la karibu maswali yote ni VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa, na tangu 2001 inatolewa bure kwa kila mtu. Nguvu yake ni kwamba inabeba ndani yake ufunguo wa aina nyingi za video, haitegemei zile za Windows. Inafungua MP4, inafungua MKV, inafungua faili za MTS zinazotoka kwenye kamera ndogo, inafungua hata folda ya VIDEO_TS iliyonakiliwa kutoka diski. Ipo pia ya simu za Android. Faili ya kuiweka ni ndogo, na inaweza kupitishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, jambo la maana kwa mtu anayenunua mega kwa kuhesabu.

Lakini VLC haifanyi miujiza. Simu nyingi mpya zinarekodi kwa mbinu ya kubana inayoitwa HEVC au H.265, iliyokamilika mwaka 2013. Faili zake ni nyepesi kwa ubora uleule, ila kuzifungua kunahitaji nguvu. Kompyuta ya kubeba iliyotumika, ya miaka kumi na zaidi, ikipewa video ya 4K ya aina hiyo inaanza kukwama: sauti inaendelea, picha inasimama, halafu inaruka. Jambo la kwanza la kujaribu ni kuinakili video kwenye kompyuta yenyewe badala ya kuichezesha kutoka flashi, maana flashi za bei rahisi ni za polepole. Ikiendelea kukwama, kuna programu nyingine ya bure, HandBrake, inayogeuza video hiyo kuwa H.264 ya 1080. Inachukua saa kadhaa kwenye mashine ya zamani. Weka usiku wenye umeme. Na faili ya asili usiifute baada ya hapo, kwa sababu kila kugeuza kunapunguza kidogo.

Neno moja juu ya WhatsApp, maana siku hizi ndiyo posta yetu. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa vikali ili ipite haraka. Inayofika kwa ndugu aliyeko Kampala au Bruxelles si ile iliyotoka Goma, na ikipitishwa kwa wengine inabaki kivuli. Kuna njia ya kuituma kama hati badala ya kama video, na hapo inafika bila kuguswa, hadi gigabaiti 2 kwa faili. Inakula mega, hilo halifichiki. Ila kwa kipande kile kimoja cha dakika nne ambacho familia inakitaka kweli, inafaa.

Kwa ndugu walioko Marekani kuna mtego mwingine kabisa, ambao umewashangaza watu wengi. Familia inampa msafiri DVD ya ndoa, anaibeba kupitia Kigali hadi Texas au Kentucky, na kule mashine inaikataa. Sababu ni kwamba Marekani na Canada zilitumia mfumo wa NTSC, wenye nukta 720 kwa 480 na picha karibu 30 kwa sekunde, wakati diski yetu ni ya PAL yenye picha 25. Mashine nyingi za kule hazisomi PAL. Kompyuta yoyote yenye VLC inaisoma bila tatizo, kama bado ina tundu la diski, na nyingi mpya hazina tena. Ukimtuma msafiri, mpe faili ya MP4 ndani ya flashi. Faili hiyo haiulizi imetoka nchi gani.

Basi mtu anayeoa mwezi ujao aseme nini na kameramani wake? Aseme kabla ya kutoa avansi, siyo baada. Katika mikataba mingi ya hapa, ambayo ni ya mdomo, kinachotajwa ni idadi ya saa, idadi ya kamera, siku hizi pia drone, na idadi ya DVD. Faili haitajwi. Mteja aongeze sharti moja: filamu iliyokamilika itolewe pia kama MP4 ya 1080, kwenye flashi au diski ngumu ambayo mteja mwenyewe ataleta. Kwa kameramani hiyo si kazi kubwa. Tayari anaitoa faili hiyo kwenye kompyuta yake kabla ya kuigeuza kuwa DVD, au anaweza kuitoa kwa usiku mmoja zaidi. Baadhi wanaifanya bila kuombwa, hasa vijana waliopitia mafunzo ya sinema kama yale ya kituo cha Yole!Africa, ambacho mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo alikianzisha na ambako vijana wengi wa mji huu walishika kamera kwa mara ya kwanza.

Picha ghafi, zile ambazo hazijakatwa, ni mazungumzo mengine. Kamera nzuri inaweza kujaza gigabaiti 20 kwa saa moja, na ndoa yenye kamera mbili inazidi gigabaiti 200 bila shida. Kameramani ana haki ya kulipwa ziada kwa hizo, na mteja ana haki ya kujua zitafutwa lini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wapiga video wetu wanapokosea zaidi: wanafuta bila kumwambia mtu. Simu moja tu, kwamba mama, nafuta picha zako Ijumaa, leta diski kama unazitaka, ingeokoa mengi. Na katika zile saa zilizokatwa ndimo mara nyingi kuna wazee waliokaa wakizungumza, kwa sababu mhariri kijana anawaona si wa kupendeza kama ngoma.

Ukishapata faili, iweke fasi mbili ambazo haziwezi kupotea siku moja. Nakala moja nyumbani na nyingine ndani ya droo ya pili ya nyumba hiyohiyo ni nakala moja. Mpe dada aliyeolewa Bukavu, au ndugu wa Butembo, au yule wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Flashi nayo si sanduku la chuma: ikikaa miaka bila kuguswa inaweza kupoteza ilichobeba, kwa hiyo ichomeke mara moja kwa mwaka na uone kama video inafunguka mwanzo, katikati na mwisho. Diski ngumu ya nje inabeba zaidi kwa bei nafuu zaidi kwa kila gigabaiti, lakini ikianguka ikiwa inazunguka, imekwisha. Ndani ya mkoba wa kukimbia nao, ule ambao tangu 2021 familia nyingi zinauweka karibu na mlango wenye kadi za uchaguzi na vyeti vya watoto, flashi haichukui nafasi.

Kwa wenye DVD za zamani, kazi ni ya mchana mmoja. Fungua diski kwenye kompyuta, nakili folda yote ya VIDEO_TS, ipe jina la sherehe na mwaka. Hakuna kitakachopotea zaidi ya kile kilichokwisha kupotea. Diski ikikwama mahali fulani, ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuitupa. Matundu ya diski hayalingani kwa nguvu, na diski inayokataliwa na moja mara nyingi inasomwa na jingine.

Kaseti ndizo zenye haraka. Ndoa za Goma za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zilizopona lava, ziko kwenye VHS na kwenye vile vikaseti vidogo vya MiniDV. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kaseti za MiniDV nazo zilikuwemo kwenye orodha ya vitu ambavyo Sony iliviacha mwaka 2025. Kuhamisha kaseti ya saa moja kunachukua saa moja kamili, haiwezekani kuharakisha, na kwa MiniDV kunahitaji kamera inayozunguka bado pamoja na kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire. Mjini bado wapo wapiga video wa rika la zamani waliohifadhi vifaa hivyo chini ya meza. Wengi wao wameacha kupiga ndoa, wanafanya biashara nyingine, lakini ukiwauliza watakuambia kama mashine bado inawaka.